Vipele vya Maharage na Sifuri Niliyoitoa

Mwaka jana nikiwa TP nilimpa mwanafunzi sifuri kwenye swali ambalo yeye alikuwa analijua kuliko mimi. Naliandika hili sasa kwa sababu Julai inakaribia, na sisi wa Elimu tumeshaanza yale mazungumzo ya kila mwaka: umepangiwa wilaya gani, nauli inakula kiasi gani, bumu la field litatoka kabla au baada ya kuripoti. Haya ni ya msingi, sikatai. Mtu hafundishi na njaa. Lakini katika mazungumzo yote hayo sijasikia mtu akimuuliza mwenzake: hivi hicho unachoenda kukifundisha, umewahi kukiona?

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Baiolojia, kidato cha pili, naitrojeni inavyozunguka kati ya hewa, udongo na viumbe. Niliuliza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, wanaishi wapi wale bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Jibu nililolitaka ni maneno mawili ya Kiingereza niliyokuwa nimeyaandika ubaoni wiki moja kabla, darasa zima likayanakili. Kati ya watoto sabini na kitu, kama nusu waliyarudisha yalivyo. Waliokosea herufi niliwapa nusu alama. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliandika kwa Kiswahili: "kwenye vipele vya mizizi ya maharage." Nikapiga mkasi mwekundu. Sifuri. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mwalimu wa field asipokuwa mkali darasa linamshinda.

Baada ya kurudisha karatasi kijana akanifuata nje ya ofisi ya walimu. Nikajua amekuja kudai alama. Hakuja kudai alama.

"Shikamoo Madam. Samahani, nilikuwa nauliza. Vile vipele ukivipasua, ndani vina wekundu kama damu. Ule ni ugonjwa?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyepata A ya Baiolojia kidato cha nne, niliyeuchora mzunguko wa naitrojeni mara nyingi hadi ningeweza kuuchora nimefumba macho, mishale yote mahali pake. Nimewahi kupiga msuli hadi saa nane usiku juu ya vinundu hivyo hivyo. Sikuwahi kupasua hata kimoja. Basi nikafanya tunachofanya walimu tukibanwa: "Swali zuri. Nenda kalifanyie utafiti, tutalijadili kipindi kijacho." Akaitikia, akaondoka. Utafiti angeufanyia wapi? Maktaba ya shule ilikuwa kabati moja, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyekwisha kuhamishwa.

Usiku ule nikaweka bando nikasoma, safari hii si kwa ajili ya mtihani.

Wekundu ule si ugonjwa. Ni protini iitwayo legihemoglobini, ndugu wa karibu wa himoglobini iliyomo kwenye damu yetu, na kazi zao zinafanana: kushika oksijeni na kuigawa kwa kipimo. Ndani ya kinundu kuna tatizo la ajabu kidogo. Kimeng'enya kinachonasa naitrojeni, naitrojenesi, kikikutana na oksijeni kinaharibika. Lakini bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni ili wapate nguvu za kufanya kazi. Kwa hiyo oksijeni lazima iwepo, na lazima iwe ya kubana sana, ya kupimwa kama dawa. Legihemoglobini ndiyo inayopima. Kinundu chenye wekundu au rangi ya waridi ndani kiko kazini. Kikiwa cheupe, ama bado kichanga ama kina wapangaji wasiofanya kazi. Kikigeuka kijani au kahawia, kimezeeka. Yaani yule kijana aliposema "kama damu" alikuwa ametaja, bila kusomeshwa na mtu, kile kitu kimoja ambacho mkulima anaweza kukitumia kujua kama maharage yake yanajilisha au hayajilishi. Na mimi nilimpiga mkasi.

Kwa ajili ya wenzetu wa Sheria na Biashara, ngoja nirudi nyuma kidogo. Hewa unayovuta sasa hivi ni naitrojeni kwa asilimia 78 hivi. Mmea unaihitaji kutengeneza protini, na ile klorofili ya kijani pia. Ukiikosa, majani ya chini yanaanza kuwa ya njano. Tatizo ni kwamba naitrojeni ya hewani imefungwa. Atomu zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, na mmea hauna chombo cha kuvifungua. Mahindi yanaweza kusimama katikati ya bahari ya naitrojeni yakafa njaa. Viwandani wanavifungua kwa njia ambayo Fritz Haber aliionyesha mwaka 1909 na Carl Bosch akaikuza hadi kiwanda kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913: joto la nyuzi 400 hadi 500, na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara 100. Huko ndiko inakotoka yuria tunayobeba kichwani.

Sasa bakteria hawa, rizobia, wanafanya kazi hiyo hiyo kwenye udongo wa kawaida, joto la kawaida, ndani ya kipele cha ukubwa wa punje ya mtama. Ile naitrojenesi yao ina chuma na molibdenamu ndani yake, na ndiyo inayoigeuza naitrojeni kuwa amonia. Si kazi ya bure. Kila molekuli moja ya naitrojeni inagharimu molekuli zisizopungua 16 za ATP, na gharama hiyo analipa maharage kwa sukari aliyoitengeneza kwenye majani. Ni biashara, mmoja anatoa chakula na mwenzake anatoa naitrojeni.

Na wanakutana vipi? Hapa ndipo nilipoona kwamba madesa yetu yametunyima utamu. Mzizi ukikosa naitrojeni unatoa udongoni kemikali ziitwazo flavonoidi. Rizobia walio jirani wakizinusa, nao wanajibu kwa ishara zao za kemikali, na si kila rizobia anaelewana na kila mmea; wa soya si lazima awe wa maharage. Zikielewana, unywele wa mzizi unajikunja kama ncha ya bakora na kuwafunika bakteria. Wanaingia kupitia uzi mwembamba unaojengwa kuelekea ndani, seli za mzizi zinaanza kugawanyika kuwatengenezea nyumba, kinundu kinavimba. Tena mmea haudanganyiki kirahisi. Utafiti uliofanywa kwenye soya umeonyesha kwamba vinundu visivyoleta naitrojeni vinapunguziwa oksijeni. Mvivu anabanwa pumzi. Kwenye asainmenti zetu za vikundi tungekuwa na utaratibu huu, baadhi ya majina yasingefika ukurasa wa mbele.

Haya yote yanafundishika. Kidato cha pili wanaelewa biashara, wanaelewa kubana mtu asiyechangia. Lakini sisi tunawapa nini? Tunawapa majina. Taja bakteria, taja mahali, taja hatua nne. Na mtihani unauliza hivyo hivyo, kwa hiyo mwalimu anayekaririsha anaonekana anafaulisha, na anayechukua jembe anaonekana anapoteza muda.

Niseme kwa nini hili linaniuma zaidi ya alama za mtoto mmoja. Kwetu ni Babati, tunachanganya mahindi na maharage, na mbaazi pia. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda dunia nzima, kabla ruzuku ya serikali haijaanza, Baba aliuza mbuzi wawili akanunua mfuko mmoja wa yuria. Nilikuwa nyumbani likizo. Mimi ndiye niliyeshika ndoo. Tukapita mstari kwa mstari tukiweka kwenye mahindi na kwenye maharage, bila kubagua, kwa sababu mbolea ni mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa yuria una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Na kitu kimoja kuhusu mimea jamii ya mikunde ni kwamba ikikuta naitrojeni nyingi udongoni inaacha kujihangaisha: vinundu vinapungua, vilivyopo vinalegea. Kwa nini umlipe fundi wakati kitu kimeletwa mlangoni? Kwa hiyo sehemu ya mbuzi wa Baba ilikwenda kuwaambia rizobia wapumzike. Mahindi yalihitaji mfuko ule, hilo liko wazi, na maharage nayo kiasi kidogo cha kuanzia si kibaya, maana maharage yetu haya ya kawaida si mabingwa wa kunasa naitrojeni. Soya na kunde huyashinda. Lakini kuyamwagia sawasawa na mahindi? Nilikuwa nimesoma mzunguko mzima, kichwani upo, nimebeba ndoo, na haikunijia hata siku moja kwamba yale niliyoyachora daftarini yako chini ya miguu yangu. Kwangu ile ilikuwa Baiolojia, na shamba lilikuwa shamba.

Nikiwa TP, wiki iliyofuata ile ya mkasi, nikaamua kurekebisha. Nikaomba vipindi viwili mfululizo, nikachukua jembe la shule, nikalitoa darasa nje kwenda shamba la mbaazi lililo nyuma ya vyoo. Agosti. Mahindi yalishavunwa, mbaazi zimebaki peke yake zikitoa maua, ardhi ngumu kama sakafu. Tukachimba. Mizizi ikakatika. Tukachimba tena, ikakatika tena. Tukapata mizizi mitatu mizima kiasi, safi, haina hata kinundu. Watoto wakaanza kucheka chini chini, mmoja akasema kwa sauti, "Madam, hawa bakteria wako likizo." Mwalimu wa taaluma alikuwa anapita. Sitasema alivyonitazama.

Baadaye niligundua makosa yangu yalikuwa ya kawaida kabisa. Udongo ukikauka vinundu vinapukutika. Mizizi ya mbaazi inakwenda mbali chini, na ukiichimba kwenye ardhi kavu hata vilivyopo vinabaki huko huko. Lakini tazama: siku ile tulikuwa tumesimama juu ya zulia la majani ya njano yaliyopukutika kutoka kwenye mbaazi hizo hizo, na mbaazi hurudisha naitrojeni shambani kwa sehemu kubwa kupitia majani hayo. Niliwatoa watoto sabini darasani kutafuta naitrojeni, wakaikanyaga dakika themanini, nikawarudisha ndani.

Aliyeniokoa ni kijana yule yule. "Madam, bondeni kuna maharage ya kumwagilia. Ya mama."

Tulikwenda kesho yake baada ya masomo, mimi na wanafunzi kumi na mmoja. Mama yake alikuwa anafungulia maji kwenye mfereji. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba mwalimu, karibuni," na nilipomweleza shida yetu akaruhusu tung'oe mashina matatu, "yasizidi matatu, hiyo ni mboga." Maharage yalikuwa yanatoa maua, na huo ndio wakati mzuri, ukingoja hadi kuvuna unakuta vinundu vimesinyaa. Tukachimba pembeni, tukainua na bonge la udongo, tukaosha polepole kwenye mfereji bila kuvuta. Vikaonekana. Vingi, vimejipanga kwenye mzizi kama punje. Kijana akatoa kimoja kwa kucha, akakipasua juu ya kiganja, akaninyoshea mkono. Wekundu.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, ninasomea ualimu wa Baiolojia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mama akasogea, akasema, "Hayo mimi huwa naona ni ugonjwa. Nikitafuta mboga naanza na yenye hayo, nayang'oa." Kimya kikapita. Misimu mingapi mama huyu amekuwa akiyaondoa kwanza yale mashina yanayojilisha vizuri? Na mwanawe yuko shule, kidato cha pili, anafundishwa vinundu na mimi.

Ila msiharakishe kumsahihisha, kama nilivyoharakisha mimi. Shina la tatu lilikuwa na uvimbe tofauti. Halikuwa na punje zilizobandikwa pembeni. Mzizi wenyewe ulikuwa umevimba kama kamba yenye mafundo, na hayabanduki. Sikulitilia maanani siku ile. Afisa ugani wa kata ndiye aliyenieleza nilipompelekea: hao ni minyoo wadogo wa mizizi, adui wa kweli wa bustani za kumwagilia. Kinundu cha rizobia kinabanduka kwa kucha na ndani kina rangi. Uvimbe wa minyoo haubanduki, ni mzizi wenyewe. Mama alikuwa sahihi nusu, na mimi nilikuwa nimeshamhutubia kwamba vipele vyote ni neema. Nilirudi kumwambia. Aliniambia, "Ndiyo maana mengine yalikuwa yanakauka," kisha akanipa fungu la majani ya maharage nikapike.

Basi mtaniambia, haya ni mahaba ya kijijini, field ni wiki chache, silabasi ndefu, darasa la watu sabini, na msimamizi anakuja siku asiyosema. Nakubali yote isipokuwa la msimamizi, kwa sababu hilo ni letu la kupigania. Msimamizi wangu alikuja wiki ile ya kwanza, wakati wa somo la ubaoni. Nilikuwa nimechora mzizi wa maharage kwenye manila, rangi tatu, vinundu nimevipaka kahawia. (Kahawia! Nilichora vinundu vilivyozeeka.) Akaniandikia kwamba vielelezo ni vizuri. Angekuja siku ya mbaazi angeandika nimeshindwa kumudu muda. Fomu yake ina nafasi ya andalio la somo, azimio la kazi, matumizi ya ubao, mavazi. Haina mahali panapouliza kama kitu chenyewe kimeonekana. Serikali yetu ya wanafunzi ina waziri wa elimu, na kila mwaka hukaa na kitivo kuzungumzia posho za field. Sioni kwa nini kikao hicho hicho kisizungumzie fomu.

Kuhusu muda na msimu, nina jibu la makopo mawili, na si ugunduzi wangu. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walieleza majaribio waliyoyafanya kwa mimea kwenye vyungu vya mchanga usio na naitrojeni. Njegere kwenye mchanga uliosafishwa kwa joto zilidumaa bila vinundu. Zilizotiwa maji yaliyochujwa kutoka kwenye udongo wa shambani zilistawi, na zilikuwa na vinundu. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck akamtenga bakteria mwenyewe. Swali lililowasumbua wasomi wa Ulaya miongo mingi lilijibiwa kwa vyungu na mchanga, vitu ambavyo hakuna shule ya kata isiyonavyo.

Kwa hiyo: wiki ya kwanza ya TP chukua makopo mawili ya rangi yaliyotupwa, yaoshe, yatoboe chini. Jaza mchanga wa mtoni ulioosha sana na kuuchemsha. Weka majivu kidogo sana, ncha ya kijiko. Panda maharage au kunde kote kuwili. Kopo moja litie konzi ya udongo kutoka mahali palipowahi kulimwa zao hilo hilo, jingine usitie. Mwagilia kwa maji safi. Wiki mbili tatu za mwanzo usitegemee kuona tofauti, mbegu bado inakula akiba yake. Wiki ya tano ng'oa. Nimejaribu dirishani hapa hosteli tangu semesta ianze, mara mbili. Mara ya kwanza mwenzangu wa chumbani alimwagilia makopo yote kwa maji ya kufulia, kwa nia njema. Mara ya pili yamekubali: la udongo majani ya kijani na vinundu kumi na vinne nilivyovihesabu, viwili nikavipasua vikawa vya waridi. La mchanga mtupu majani ya chini ya njano, mzizi mweupe, hakuna kitu. Nimepiga picha, lakini naomba msizitumie kama vielelezo. Pandeni.

Nisije nikaonekana nauza miujiza. Maharage hayamrutubishii mtu shamba kwa kusimama tu humo. Naitrojeni nyingi inaishia kwenye punje, na sisi kwetu tunang'oa shina zima, tunabeba nyumbani, tunapura uani, makapi wanakula ng'ombe. Usiporudisha makapi au samadi shambani, umeondoka na karibu kila kitu. Udongo wenye asidi nyingi unawashinda rizobia wengi. Ukosefu wa fosforasi unavikwamisha vinundu hata kama bakteria wapo, na sisi Manyara tuna mwamba wa fosfeti pale Minjingu, yaani mbolea ambayo maharage yanaihitaji zaidi iko jirani, huku tukiuza mbuzi kununua ile wanayoweza kujitengenezea. Na mkulima hapandi zao kwa ajili ya naitrojeni. India ilipobana uagizaji wa mbaazi mwaka 2017 bei ikaporomoka, na hakuna hotuba ya rutuba ingemfariji mtu mwenye magunia ndani.

Vilevile si kwamba nchi haina ujuzi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimewahi kutengeneza bakteria wa kupaka kwenye mbegu kwa jina la Nitrosua, na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wana Biofix. Pakiti ndogo, unachanganya na mbegu kivulini, unapanda siku hiyo hiyo. Ujuzi upo vyuoni. Kati ya chuo na lile bonde kuna mwalimu wa kidato cha pili, na huyo mwalimu ni wewe.

Kuhusu Kiswahili na Kiingereza sitaki kufungua mjadala ule mkubwa hapa, ukurasa hautoshi na mhariri ameshaniwekea kikomo. Ninachosema ni kidogo. Hakuna waraka unaonizuia kusoma jibu la Kiswahili na kumuuliza aliyeliandika ameliona wapi. Ningeweza kumpa sifuri ya lugha halafu nikamwita. Sikumwita. Amekuja mwenyewe, na angekuwa mwoga kidogo tu asingekuja.

Kabla ya kuondoka nilikwenda ofisi ya taaluma kuomba kubadilisha alama yake. Nikaambiwa matokeo yameshaingizwa, na sababu niliyoitoa haimo kwenye zile zinazokubalika. Kwa hiyo zimebaki vilevile, nne chini ya kumi. Yuko kidato cha tatu sasa. Nasikia amechagua Sanaa.